Reli Hufia Miguuni: Mwongozo Kamili wa Kuimarisha Vizuizi vya Kingo kwenye Jengo la Maegesho

Julai ya Arusha ina manyunyu yake, yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamwachi mkavu. Asubuhi moja ya namna hiyo mlinzi wetu alitundika koti lake kwenye reli ya ghorofa ya pili ya maegesho ninayoyasimamia, kisha akaiegemea ili afunge kamba ya kiatu. Reli ikaenda naye. Bomba halikukatika wala halikupinda. Nguzo ilinyanyuka nzima na pleti yake ya chini na bolti zote nne, zikiwa zimeshika unga wa zege, kama karoti inavyong'oka kwenye udongo wa mvua. Nguzo iliyofuata ilishika, naye akapata nafasi ya kurudi nyuma. Alikaa chini kwanza, akavuta pumzi, akasema, "Bosi, hii si imepakwa rangi juzi tu?"

Kweli ilikuwa imepakwa. Mwezi mmoja kabla nilisaini mwenyewe malipo ya rangi, njano na nyeusi, inang'aa mpaka barabarani.

Fundi niliyemwita kutoka mtaa wa Unga Limited aliinama, akagusa tundu moja kwa kidole, akacheka kidogo. "Mzee, bomba lako liko fiti. Reli haifi kichwani, inafia miguuni." Karibu yote niliyojifunza baada ya hapo yanazunguka sentensi hiyo. Ukiwa unasimamia maegesho ya ghorofa, iwe jengo la biashara karibu na Soko Kuu, hoteli ya Moshi yenye magari juu ya paa, au hospitali yenye rampu, fuata hatua hizi kwa mpangilio. Hatua mbili za kwanza hazihitaji fedha nyingi, na unaweza kuzimaliza wiki hii.

Kabla ya yote: tofautisha reli ya mtu na kizuizi cha gari

Watu wengi huona kitu kimoja pembeni mwa sakafu na kukiita reli. Ukweli ni kwamba pale pana kazi mbili. Ya kwanza ni kumzuia mtu asidondoke: anayetembea, anayeegemea, mtoto anayechungulia. Ya pili ni kulizuia gari lililopitiliza. Reli nyepesi ya bomba inaweza kuifanya kazi ya kwanza vizuri sana na isiiweze ya pili hata kidogo. Ukuta mfupi wa zege nao unaweza kulisimamisha gari, lakini ukiwa wa sentimita 60 mtu mzima anaupinduka kama benchi.

Mwaka 2016 huko Austin, Texas, gari lilipenya kwenye vizuizi vya waya vya jengo la maegesho likabaki linaning'inia nje. Mwaka uliofuata gari jingine likadondoka kabisa kutoka jengo hilohilo. Waya zile mtu angeweza kuziegemea kutwa nzima bila kuona tatizo lolote.

Kwa hiyo kila ukingo wa jengo lako uulize maswali mawili, na usiruhusu jibu la swali moja litumike kwa jingine.

Hatua ya 1: Pita na chaki

Chagua Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Beba chaki au rangi ya kupuliza, nyundo ndogo, bisibisi bapa, futi, tochi, daftari, na kipande cha bomba la maji taka la inchi 4. Kazi ya bomba hilo utaiona mbele kidogo.

Anza kwa kuzipa nguzo namba, moja baada ya nyingine, ghorofa kwa ghorofa. Bila namba, fundi atakwambia "ile ya kule pembeni" na wewe utakuwa unafikiria nyingine. Kisha kila nguzo ifanyie haya:

Itikise kwa kuivuta upande wako, mguu mmoja ukiwa nyuma. Usiisukume kwenda nje. Mtu anayekagua reli kwa kuisukuma anaweka maisha yake kwenye kitu ambacho bado hajui kama ni kizima. Nguzo nzima hutetema kidogo juu na kutulia. Nguzo mbovu huchezea chini, na ukiweka kidole kati ya pleti na sakafu utausikia mchezo huo.

Igonge kwa nyundo kuanzia usawa wa goti kushuka chini. Sauti ikibadilika kutoka mlio mkavu kuwa mzito na butu, bomba limejaa maji au limeliwa kwa ndani. Sentimita 5 za mwisho juu ya pleti ndizo za kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu maji ya mvua na ya kuoshea magari hutuama pale. Chokoa sehemu hiyo kwa bisibisi. Rangi ikibonyea kama ganda la yai, umekwisha kupata jibu.

Hesabu bolti. Si ajabu pleti yenye matundu manne kukutwa na bolti mbili, au bolti nne ambazo mbili ni vichwa tu vilivyogundishwa kwa rangi. Jaribu kuzigeuza kwa spana.

Mwisho, shuka ghorofa ya chini uangalie juu, chini ya ukingo uleule. Zege lililopasuka, madoa ya kutu yanayochuruzika, au nondo zilizoanza kuonekana maana yake tatizo haliko kwenye reli tena, liko kwenye slabu, yaani sakafu ya zege yenyewe. Hapo hakuna bolti itakayokusaidia mpaka zege litengenezwe kwanza.

Kwenye daftari weka alama tatu tu: nzima, ya kutengeneza, ya kufunga leo.

Hatua ya 2: Funga leo, tengeneza kesho

Zile za alama ya tatu zisisubiri kikao. Ondoa nafasi za magari zilizo mbele yake, weka mapipa yaliyojazwa mchanga au maji umbali wa mita mbili kutoka ukingoni, na uyaunganishe kwa bomba au mbao. Utepe mwekundu peke yake ni mapambo: dereva anaurudia kinyumenyume bila hata kuuona, na watoto wa mjini wanaukata wachezee. Ziba pia eneo la chini linalotazamana na ukingo huo, hasa kama pana mama ntilie au bodaboda wanaojikinga jua. Reli ikidondoka na nguzo zake haimchagui mtu.

Hatua ya 3: Tafuta mtu wa hesabu kabla ya mtu wa kuchomelea

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunampigia fundi simu, anakuja na futi, anapima mita, anataja bei kwa mita, kesho anashusha mabomba. Hakuna aliyeuliza reli itabeba nini.

Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kazi ikiwa kubwa, mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ongea pia na idara ya ujenzi ya halmashauri kuhusu kibali kabla hujagusa slabu au kujenga ukuta mpya pembeni. Jengo likiwa la umma, manunuzi yatapita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo maelezo ya kazi lazima yaandikwe kwa vipimo. "Kukarabati reli" haitoshi. Na kwa kuwa jengo ni mahali pa kazi kwa walinzi, wasafishaji na wakata tiketi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu wewe mwenye jengo moja kwa moja.

Mhandisi atafanya hesabu zake, lakini ni vizuri uielewe moja ili usidanganyike. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevizoea, huchukua kwamba sehemu za kupita watu kwenye maegesho reli isukumwe kwa kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya urefu wake. Kwa lugha ya sokoni ni kama kilo 150 kila mita. Unaweza kuona ni nyingi kwa reli ya paking, mpaka siku ya mbio za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, au siku Mwenge unapopita, watu wanapopanda juu na kuegemea mabega kwa mabega wakitazama chini. Na AFCON ya 2027, ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, inakuja na umati wake.

Sasa chukua nguzo zilizoachana mita moja, reli ikiwa juu kwa mita 1.1. Ule msukumo wa kilo 150 juu unageuka mtarimbo: 1.5 mara 1.1 ni kilonyutoni-mita 1.65 pale mguuni. Pleti ikiwa ndogo, kiasi kwamba umbali kati ya bolti zinazovutwa na upande unaokandamiza sakafu ni sentimita 10, basi bolti mbili za ndani zinavutwa kwa kilonyutoni 16.5. Hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu. Sogeza nguzo ziachane mita moja na nusu ili kuokoa mabomba, mvuto unafika karibu tani mbili na nusu. Watu wameegemea juu kwa upole tu, huku bolti chini zinavutwa kwa uzito wa gari. Ndiyo maana ya yule fundi kucheka.

Hesabu hiyohiyo inalihukumu bomba. Bomba la inchi moja na nusu, lenye kipenyo cha nje cha milimita 48 na unene wa milimita 3.2, kwa chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye kilonyutoni-mita 1.1 hivi. Halifikii 1.65. Bomba la inchi 2 lenye unene wa milimita 3.6 linafika kama 2.0, yaani linapita lakini akiba yake ni ndogo. Bomba la pembe nne la 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 4 linafika karibu 3.7. Kwa hiyo unapoletewa bei mbili, moja rahisi na nyingine ghali, kabla ya kuangalia jumla angalia unene wa bomba na umbali wa nguzo. Mara nyingi tofauti yote iko hapo. Dukani pima unene mwenyewe kwa kalipa, kwenye ncha iliyokatwa.

Hatua ya 4: Miguu

Kaa na hatua hii muda mrefu kuliko nyingine zote.

Njia ya kawaida mjini ni kutoboa sakafu, kupiga bolti za kutanuka, na kufunga pleti juu. Katikati ya slabu nene bolti hizo hufanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba reli haikai katikati, inakaa ukingoni. Bolti ya kutanuka hushika kwa kulisukuma zege pembeni, na sentimita 5 kutoka ukingoni zege halina pa kuegemea, linapasuka kipande chenye umbo la koni na kutoka na bolti yake. Wakati mwingine linapasuka siku hiyohiyo ya kukaza nati, fundi anapaka saruji kidogo juu, anaendelea.

Una njia tatu nzuri zaidi.

Ya kwanza ni kurudisha nguzo ndani. Ukipoteza sentimita 15 za sakafu lakini bolti zikapata zege pande zote, umefanya biashara nzuri. Hakikisha tu hakuna pengo nyuma ya reli linaloweza kumezwa na mguu wa mtoto.

Ya pili ni bolti za gundi, zile ambazo mrija wa kemikali unajazwa tunduni kisha fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti inaingizwa. Hazilisukumi zege pembeni, kwa hiyo zinavumilia ukingo zaidi, ingawa nazo zina umbali wake wa chini ulioandikwa na mtengenezaji. Nguvu yake yote iko kwenye usafi wa tundu. Toboa kina kilichoandikwa, puliza vumbi kwa pampu, sugua kwa brashi ya duara, puliza tena, rudia mpaka vumbi liishe. Nimemwona kijana akipuliza kwa mdomo mara moja, akapata vumbi machoni, akaona imetosha. Gundi ile ilishika vumbi, na vumbi halikushika kitu. Jaza gundi kuanzia chini ya tundu kuja juu ili hewa isibaki, ingiza fimbo ukiizungusha, kisha usiiguse. Soma kwenye mrija muda wa kukauka kulingana na joto: asubuhi ya Julai hapa Arusha ni baridi, na gundi inayokauka haraka mchana wa Moshi inaweza kukuhitaji usubiri mara mbili au tatu ya muda huo.

Ya tatu ni kufunga nguzo kwenye uso wa nje wa slabu au bimu, pleti ikiwa imesimama wima. Sakafu inabaki wazi na maji hayatuami kwenye mguu. Inahitaji bimu yenye kina cha kutosha na jukwaa la kufanyia kazi nje, kwa hiyo gharama inapanda.

Kabla ya kutoboa chochote, jua slabu yako ni ya aina gani. Kama ni ya boriti na matofali matupu yenye zege jembamba juu, bolti ndefu itapita zege la sentimita 5 na kuingia kwenye uwazi. Utasikia drili "ikidumbukia". Simama hapo, mwite mhandisi. Ukigonga nondo wakati wa kutoboa, usiikate kwa ubishi, sogeza tundu. Nondo za ukingoni ndizo zinazoushikilia ukingo unaotaka kuutegemea.

Pleti iwe nene, milimita 10 au 12 badala ya zile za 4 zinazojikunja kama kifuniko cha sufuria. Chini yake mimina zege laini lisilosinyaa, la sentimita 2, lililoinama kidogo kuelekea nje ili maji yasilale. Nguzo isimamishwe kwa timazi wakati zege hilo bado bichi, na nati zikazwe likishakauka.

Hatua ya 5: Sehemu ya juu, ambayo watu ndiyo huiona

Hapa naenda haraka. Kimo kiwe sentimita 110 kutoka sakafu iliyomalizika. Wamarekani wanakubali inchi 42, karibu sentimita 107. Usipime kutoka kwenye zege la zamani kama utaongeza sakafu juu yake, kwani reli nyingi fupi mjini zilizaliwa zikiwa ndefu, zikafupishwa na tabaka za sakafu. Kwenye ngazi, sehemu ya kushika mkono iwe kati ya sentimita 90 na 100.

Nafasi kati ya fito isipitishe tufe la sentimita 10, kipimo kinachotokana na kichwa cha mtoto mdogo. Kile kipande cha bomba la maji taka la inchi 4 kina kipenyo cha nje cha milimita 110. Kikipita kati ya fito, umeshavuka mpaka, huna haja ya kubishana na mtu.

Fito zisimame wima. Mabomba ya kulala, matatu au manne, ndiyo mtindo rahisi na ndiyo umeenea, lakini kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni ngazi tayari. Kama unayo ya kulala na huna fedha za kuibomoa, funika upande wa ndani kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Chini kabisa weka ubavu wa bati au chuma wa sentimita 10 ili jeki, chupa au spana isiviringike ikamdondokee mtu.

Hatua ya 6: Gari

Kanuni za Ulaya hulichukua gari la kilo 1,500 likija kwa mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde, kama kilomita 16 kwa saa. Ni mwendo wa mtu aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki, kosa linalowezekana kwenye gari la otomatiki, na mjini kwetu otomatiki zimejaa. Nishati yake ni sawa na kuliangusha gari hilohilo kutoka kimo cha mita moja. Kizuizi kigumu kisichopinda, na bodi ya gari ikibonyea sentimita 10, kinapigwa kwa karibu kilonyutoni 150, tani 15. Kizuizi kikiweza nacho kujipinda sentimita 10 bila kung'oka, nguvu inashuka nusu. Ndiyo sababu reli za chuma zenye mawimbi, kama zile za kwenye kona za barabara kuu, zinapendwa: zinakubali kuumia ili gari lisipite.

Namba hizo ni za gari dogo. Arusha ina Land Cruiser za safari, zilizorefushwa, zenye ngao mbele, na zikipakiwa hufika tani 3. Ongeza uzito mara mbili, nguvu nayo ni mara mbili. Kimo nacho kinabadilika: gari dogo hupiga kizuizi kwenye sentimita 37.5 kutoka sakafuni, ila bampa la gari la safari liko juu zaidi. Kanuni za Marekani hutaka kizuizi kikaguliwe kati ya sentimita 46 na 69. Mwambie mhandisi wako wazi ni magari gani hulala kwenye jengo. Asipoambiwa, atafanya hesabu ya gari la kwenye kitabu.

Mwishoni mwa rampu iliyonyooka ya kushukia, inayozidi mita 20, kanuni hizo za Ulaya hudai kizuizi cha nguvu mara mbili, kwenye kimo cha sentimita 61. Kama kuna sehemu moja tu unayoweza kuimarisha mwaka huu, iwe hiyo.

Ukuta wa tofali usikudanganye. Tofali zilizopangwa bila nondo, hata zikipigwa plasta na rangi, gari linatoka nazo, na sasa kinachodondoka ni gari na tofali. Ukuta wa kusimamisha gari ni wa zege lenye nondo zilizofungwa kwenye nondo za slabu.

Vizuia tairi vya sakafuni, vya kimo cha sentimita 10, ni vizuri kwa kumwambia dereva afike wapi. Havisimamishi gari lililopaa. Viweke kwa kupima gari lenye pua ndefu zaidi jengoni, ili bampa libaki mbali na reli. Bampa linalogusa reli kidogokidogo kila siku linalegeza bolti bila mtu kujua. Kwa wanaopaki kinyumenyume, pima mkia, na ukumbuke gurudumu la akiba linaloning'inia nyuma.

Hatua ya 7: Kazi ikiwa inaendelea

Funga ghorofa nzima unayofanyia kazi na ghorofa iliyo chini yake. Cheche za grainda husafiri mbali, na chini kuna matangi ya mafuta, turubai na pengine jiko la mkaa la chipsi. Weka mtu mwenye kizimia moto ambaye kazi yake ni kutazama cheche tu, na abaki nusu saa baada ya kuchomelea kuisha. Namba ya Zimamoto ni 114.

Fundi anayefanya kazi ukingoni avae mkanda wa usalama uliofungwa kwenye nguzo ya jengo. Nimewahi kukuta umefungwa kwenye reli ileile inayobomolewa. Msibomoe urefu mrefu kwa mara moja. Toeni kipande, wekeni kipande, na jioni pasibaki pengo wazi.

Kuchomelea bomba la galvanaizi hutoa moshi mweupe wa zinki unaoleta homa na kutetemeka jioni yake. Mafundi wengi hunywa maziwa, na maziwa ni mazuri, lakini hayauondoi moshi uliokwisha ingia kifuani. Kwangua zinki sehemu ya kuchomelea, vaa barakoa inayofaa, fanyeni kazi upepo ukitoka mgongoni.

Hatua ya 8: Kutu

Sasa rangi, na ije mwisho. Iliyo bora ni kupeleka vipande vizima vikachovywe kwenye zinki ya moto baada ya kuchomelewa. Mabomba yawe na matundu ya kutolea hewa, maana bomba lililozibwa huweza kulipuka kwenye bafu hiyo. Ukishindwa, sugua mpaka chuma kionekane, futa mafuta, paka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha mbili za juu. Toboa tundu dogo la kutolea maji chini ya kila nguzo.

Ipange kazi ya rangi Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Ukipaka katikati ya masika au kwenye manyunyu ya Juni na Julai unafungia unyevu ndani. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Hatua ya 9: Jaribu kwa pipa la maji

Usipokee kazi kwa macho. Chagua nguzo kadhaa, na mhandisi awepo. Funga waya juu ya nguzo, uvute kwa mlalo kuelekea ndani mpaka kwenye kapi iliyofungwa kwenye nguzo ya jengo, kisha ushuke kwenye pipa tupu linaloning'inia kidogo juu ya sakafu. Jaza maji taratibu kwa ndoo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 150 pamoja na uzito wa pipa lenyewe zinatosha kwa nguzo zilizoachana mita moja. Tunavuta ndani ili kikishindwa kisimdondokee mtu; jaribio hili linazisumbua zaidi bolti za nje, zilizo karibu na ukingo, kwa hiyo bolti za ndani mhandisi azijaribu kwa kifaa cha kuvuta moja moja.

Weka futi iliyosimama kando na usome juu imesogea kiasi gani. Waingereza huvumilia milimita 25, si zaidi. Acha maji yakae dakika kumi, yatoe, soma tena. Nguzo irudi ilikotoka. Isiporudi, au ukisikia "tik" kutoka chini, fundi hajamaliza, na malipo ya mwisho yanasubiri.

Nguzo yetu ya kwanza kujaribiwa ilisogea milimita 9 ikarudi zote. Ya tatu ilisogea 14 ikarudi 6. Tulipofungua pleti tulikuta tundu moja halikusuguliwa, gundi inatoka nzima kama mshumaa. Fundi hakubisha. Alilitazama, akasema, "Hilo nilimwachia kijana," akachukua drili.

Hatua ya 10: Daftari la mlinzi

Ukaguzi mkubwa fanya mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Kila mwezi mlinzi apite akitikisa na kukaza. Gari likigusa kizuizi, hata kidogo, nguzo hiyo na za jirani zikaguliwe siku hiyohiyo, na dereva asiogopeshwe kusema, maana ukimtoza faini kubwa wa kesho atanyamaza.

Daftari letu linakaa kwenye kibanda cha getini, kalamu imefungwa kwa uzi. Anaandika mlinzi yuleyule, kwa mwandiko wake mkubwa. Ukurasa wa Juni unasomeka: "Namba 14, mashariki, nati moja imelegea, nimekaza. Namba 31, Noah imegusa saa mbili usiku, dereva amesema mwenyewe. Pleti haichezi. Koti natundika kibandani."